Tulivuka na Pantoni Kwenda Kula

Sisi wa enzi zile tulianza kuonja safari kabla gari halijawashwa. Safari ilianzia jikoni: mihogo ikichemka, kuku wa kienyeji akikaangwa, na mama zetu wakimkemea yeyote aliyenyoosha mkono. "Cha safari hakiliwi nyumbani!" Nani kati yetu hakupigwa kibao cha mkono kwa ajili ya paja la kuku? Watoto wa leo wanapanda basi na pakiti ya biskuti na chaja ya simu, kisha wanasema wamesafiri. Haya, wamesafiri.

Lakini iko safari moja ambayo jiko letu pale Kilosa halikuwashwa kabisa, na hiyo ndiyo nataka kuisimulia, maana mpaka leo wapo ndugu wanaoitaja kwa kunong'ona kana kwamba mama yangu aliiba. Hakuiba. Alikwenda Dar es Salaam kula.

Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea mahindi na vitunguu kutoka Rudewa na Magole hadi Dumila. Mwaka huo mashamba yalitoa vizuri. Mama alikuwa amelima, amepalilia, amevuna, na kila jioni watu walipokaa kupunga upepo, yeye alikaa na moshi. Akisha kutupakulia wote, alikula ukoko. Tulidhani anaupenda. Basi siku moja baba akatangaza mbele yetu: "Likizo hii tunakwenda mjini. Mama yenu hashiki mwiko. Atakula vya kupikiwa mpaka turudi."

Bibi, mama yake baba, aliweka ungo wake chini. "Mwanamke anafuata chakula mjini, kwake kuna nini? Njaa?"

Mama alikwenda kutafuta gauni lake la Idi.

Mimi na mdogo wangu Shabani tulikaa nyuma juu ya magunia matupu, vumbi la Rudewa likitupaka kama unga. Kula tulianzia Dumila. Pale wauzaji waliligombea gari kwa mahindi ya kuchoma, miwa na mayai ya kuchemsha yenye chumvi kwenye kipande cha gazeti. Baba alimpa mama hindi zima. Nilimwona akitaka kulivunja atugawie, kama kawaida yake, kisha akaliacha zima akalitafuna lote, akiangalia mbele. Morogoro tukala chapati na maharage ya nazi. Kila tuliposimama mama alishuka akaketi, akapakuliwa. Kufika jijini midomo yetu iling'aa mafuta kama ya maharusi.

Shangazi Zaina, dada yake baba, alikuwa anaishi Kigamboni, na ndiko tulikokuwa tunakwenda kulala. Kwa hiyo ilitubidi tuvuke na pantoni. Jamani! Sisi maji makubwa tuliyoyajua ni mto Mkondoa ukifurika, na Mkondoa ukifurika unakimbia. Huku tunaingiza gari juu ya maji kwa hiari yetu! Shabani alikumbatia bomba la pikapu akaanza kusoma Fatiha kwa sauti, na abiria wote wakacheka. Mama alicheka kuliko wote. Upepo ulileta harufu ya samaki wa kukaanga kutoka ng'ambo, naye akafumba macho kuinusa. Sikuwahi kumwona mama yangu mzuri namna ile.

Sasa, mila yetu mnaijua. Mke akifika kwa wifi yake, maji ya kunywa na kanga ya kupikia huja pamoja. Haulizwi habari za njiani. Ataingia jikoni, atapika, na mawifi wataonja huku wakitazamana. Hata kama ameolewa miaka kumi, mtihani hauishi. Shangazi alitupokea kwa furaha, salamu zikaisha, akamnyooshea mama kanga.

"Wifi, karibu sana. Samaki wako kwenye beseni, mchele uko kwenye ndoo. Kaka yangu hajala mkono wako tangu asubuhi."

Tukamtazama baba. Baba, aliyekuwa anaunguruma njia nzima kwamba mkewe hashiki mwiko, alitazama viatu vyake. "Mama Tatu," akamwambia, Tatu ndiye mimi, "leo tu. Kuanzia kesho..."

Mama aliipokea kanga, akaikunja vizuri, akaiweka mkekani.

"Wifi, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hata viatu sijavua." Akatushika mikono. "Twendeni tukale."

Tukatoka. Niliogopa, kwa sababu kwa akili yangu ya kitoto ndoa ilikuwa imekufa pale pale, na sisi tumekuwa watoto wa talaka kwa sababu ya samaki. Mama hakugeuka nyuma. Alitembea mpaka kwenye vibanda vya karibu na pantoni, akaketi kwenye benchi katikati ya wanaume, mwanamke peke yake na watoto wawili.

"Karibu dada," mwenye kibanda akasema. "Nikupe nini?"

Mama alinyamaza. Nilidhani ameona aibu, kumbe alikuwa anafikiri. Katika maisha yake yote yeye ndiye aliyeuliza swali hilo. Alitazama mihogo ya kukaanga, akatazama samaki, akatazama kile kiumbe chenye mikono mingi ambacho sisi wa bara tulikuwa hatujakiona. "Hicho," akasema. "Na pilipili."

Alikula pweza wote bila kutugawia hata mkono mmoja. Sisi tulinunuliwa mihogo. Alipokuwa anamalizia supu, baba akatokea. Alisimama kidogo, kofia mkononi, wanaume wote wakimwangalia atafanya nini. Mama akasogea kwenye benchi. Baba akaketi, akamwambia mwenye kibanda, "Nami nitilie."

Shangazi alipika samaki wake mwenyewe. Akaeneza ukoo mzima kwamba kaka yake kalishwa limbwata. Waseme. Kama limbwata ndilo hilo, basi kila mume apewe sahani mbili.

Siku hizi mimi naishi Mikumi, kando ya barabara kuu, ambako nyani wanajua ratiba ya mabasi kuliko abiria. Baba alishatangulia mbele ya haki, mama nakaa naye. Wajukuu wake wakitaka kuku wanabonyeza simu, bodaboda analeta. Wanampiga picha kwanza yule kuku, kisha kila mtu anakula na kioo chake. Sisi tulikula sinia moja tukipigana viwiko, na nawaambia mchana kweupe, tulishiba zaidi. Hawa chakula kinawafuata mpaka kitandani, lakini sijawasikia wakimuuliza bibi yao leo anatamani nini. Wanamletea uji, kwa sababu ni mzee, na wazee wanakunywa uji.

Wiki iliyopita nilimuuliza mimi. Akasema pweza.

Kelele zilizotokea! Shabani, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye kitambi, alipiga simu kutoka Kilosa kunikataza. Wanangu wakasema nitamuua bibi yao kwa barabara, kwamba siku hizi kuna daraja na pantoni ni ya nini, kwamba pweza wataagizwa waje kwa basi na barafu. Mmoja akasema bibi hana hata meno.

"Meno ni yangu mwenyewe yaliyong'oka," mama akawajibu, "na nani kawaambia supu inatafunwa?"

Jumamosi tunaondoka, yeye mbele, mimi kwenye usukani, na tutavuka kwa pantoni. Jiko tunaliacha limezimwa. Atakayesikia njaa ajipikie.