Mpaka Rangi Ikauke

Mimi si mtu wa kukaa. Hata kanisani nachagua kiti cha nyuma karibu na mlango, na mahubiri yakivuka nusu naanza kutafuta sababu ya kutoka nje. Mama yangu husema nilizaliwa nikiwa njiani kwenda mahali pengine. Kwa hiyo mwaka jana alipopatikana na saratani ya titi, nilifanya jambo ninalolijua: nilikimbia. Nilikimbia hospitali, nikakimbia kwa duka la dawa, nikakimbia sokoni kutafuta biturudi na karoti. Kitu kimoja tu kilinishinda, nacho ni kuketi naye chini.

Nauza mbolea, mbegu na dawa za mifugo hapa Kapsoit, na nyumba ya mama iko nyuma ya duka, ukipanda kidogo kando ya mistari yetu michache ya chai. Mchana nilikuwa napanda na kikombe cha uji. Mgonjwa haulizwi uji, nami sikuuliza. Nilikiweka mezani, nikamgusa paji la uso, nikashuka kabla hajamaliza kusema asante. Siku za matibabu nilimpeleka hospitali upande wa Bomet. Dripu ikishawekwa, nilimwacha kitandani na kuingia mjini, eti kuna vitu vya kununua. Vitu vyenyewe vilikuwa vile vile vilivyojaa Kapsoit.

Kisha kucha zake zikaanza kuwa nyeusi. Zilianzia chini, karibu na nyama, rangi ya zambarau kama kidole kilichobanwa na mlango, halafu weusi ukapanda. Daktari alikuwa ametuonya kwamba dawa hufanya hivyo, na kwamba kucha zitakua upya polepole. Mama aliitikia tu. Lakini akina mama wa ushirika walipokuja kumwombea, nilimwona ameficha mikono ndani ya shali tangu sala ya kwanza hadi chai. Roho iliniuma. Nikasema, hapa sasa kuna kazi ninayoweza kufanya.

Kwenye saluni iliyo mkabala na duka langu kuna dada mmoja wa kucha, mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi. Nilimweleza shida. Akanipangia chupa ndogo mezani kama mwalimu wa chekechea.

"Hizi ni za mimea, si zile za kuharibu," akasema. "Hii iko na green tea. Hii ni avocado. Hii ni seaweed. Zinalisha kucha, mama. Zinaipea vitamini."

Nilicheka kwa dharau. Mimi nauza chakula cha mimea, najua kinaingilia wapi. Ukucha uliokwisha kutoka nje ni kitu kilichokufa. Kuupaka virutubisho ni sawa na kunyunyizia mbolea nguzo ya ua ukingoja itoe majani. Halafu hayo majani ya chai tunayachuma sisi wenyewe, na avokado zinaoza kwetu chini ya mti, sasa zimezunguka dunia nzima zikarudi Kapsoit ndani ya chupa iliyo ndogo kuliko ya chanjo ya kuku. Nilisema hayo yote kwa sauti. Kisha nikanunua chupa zote tatu.

Sikutaka kumpaka mama kitu nisichokijua, kwa hiyo nilianza na kucha zangu. Ile ya chai ilikuwa ya waridi na haikunukia chai hata kidogo. Nilipaka nikiwa nyuma ya kaunta, mteja akaingia, nikainua gunia la chakula cha ng'ombe, na rangi ikabaki kwenye gunia. Mteja mwenyewe, mzee jirani yetu Mkipsigis anayejua kunichokoza, alitazama vidole vyangu akasema, "Sasa mama, umepaka gunia ama umepaka mkono?" Ile ya avokado nilipaka nikiwa napiga simu. Ilikamata pumba mpaka vidole vikaonekana kama vimeota manyoya. Ya mwani ilikuwa kahawia nzuri, lakini kabla haijakauka nilikumbuka kwamba sijafunga maji kule nyuma, na nilipogusa mfereji ikakunjana kama utando wa maziwa.

Nilivuka barabara kwenda kulalamika. Dada wa kucha alinishika mkono, akaugeuza huku na huku.

"Rangi iko sawa," akasema. "Shida ni wewe. Si ukae tu mpaka ikauke?"

"Nina kazi."

"Kila mtu ako na kazi. Rangi haijui."

Niliondoka nimekasirika, na hasira yenyewe sikujua ni ya nani.

Kizingiti kikubwa kilikuwa mama mwenyewe. Mama ameokoka, wokovu wa zamani, ule wa kuvua vipuli na kuacha rangi za midomo na kucha. Alipookoka alisimama mbele ya ushirika akataja kila kitu alichoacha, na rangi ya kucha ilikuwemo. Sikuwa nimezaliwa, lakini ushuhuda huo nimeusikia mara nyingi hata naweza kuutoa kwa niaba yake. Kwa hiyo nilipompelekea zile chupa nilijua jibu.

"Hapana," akasema. "Ulitaka waseme ugonjwa umenirudisha ulimwenguni?"

"Si urembo, Mum. Ni kama dawa. Imetengenezwa na majani ya chai."

Akacheka mpaka akakohoa. "Wee kairitu, msichana wewe! Majani ya chai nimeyachuma na hivi vidole tangu niolewe. Kama yangekuwa yanalisha makucha, mimi leo ningekuwa na makucha ya tai."

Nikaanza kurudisha chupa kwenye mfuko, macho yangu tayari kwenye mlango, kwa maana nilikuwa nimeacha duka na mtu asiyejua bei. Hapo ndipo akauliza, kwa sauti nyingine kabisa:

"Hiyo kitu inachukua muda gani kukauka?"

"Inachukua. Unapaka mara mbili. Ukimaliza mkono huu unangoja, unaenda mwingine. Huwezi kushika chochote."

"Na wewe unafanya nini hiyo saa yote?"

"Mimi nakushikilia mkono usiguse kitu."

Alitazama chupa, akanitazama mimi. "Haya. Leta hiyo ya kahawia. Mungu anajua ni kwa nini nimekubali."

Nilidhani nimeshinda. Nilidhani ni ile aibu ya kucha nyeusi imemlegeza, nikamwonea huruma hata zaidi. Nikavuta kigoda, nikaweka mkono wake wa kushoto juu ya goti langu. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyoukumbuka. Nilipaka vibaya, nikapaka na ngozi, nikafuta, nikarudia. Mvua ya mchana ilianza kugonga mabati. Simu ikalia mfukoni, ni ya dukani, nikainuka nusu.

"Wacha ilie," akasema. "Utaniharibia."

Nikakaa. Mguu wangu ukaanza kucheza chini ya meza, kama kawaida yake. Mama akaunyosha wake, wenye soksi ya sufu, akaukanyaga wangu, akautuliza hapo. Kisha akaanza kuniambia mambo. Jinsi alivyofika huku akiwa bibi arusi kutoka kwao Nyeri na kulia wiki nzima kwa sababu ya baridi. Jinsi jirani, mama wa Kikipsigis, alivyomletea mursik, maziwa yao ya kugandishwa kibuyuni, naye akadhani maziwa yameharibika, akayamwaga, kisha akarudisha kibuyu akisema yalikuwa matamu sana, akaletewa mengine. Nilicheka hadi nikachora mstari kwenye kidole chake. Mvua iliacha, ikaanza tena. Nilikuwa natamani kuondoka na nilikuwa natamani tusimalize, vyote pamoja.

Safari iliyofuata ya hospitali, nesi alikuja na kale kamashine ka kubana kidole, ka kupima hewa kwenye damu. Akakaweka, akakatoa, akakaweka tena.

"Mum, hii haisomi vizuri na rangi," akasema kwa upole. "Tutatoa kwa kidole kimoja tu. Hizo zingine ni nzuri, ziache."

Hasira ilinipanda. Si kwa nesi, kwa maisha. Kazi moja tu niliyoifanya vizuri tangu ugonjwa uingie kwetu, nayo ifutwe. Nesi aliniletea pamba na dawa ya kufutia, nikasafisha kidole cha shahada. Ukucha mweusi ukatokea, mweusi kuliko mwanzo. Mashine ikasoma. Nikafunika chupa.

Mama akaunyosha mkono wote, akatandaza vidole juu ya shuka.

"Toa zote," akasema.

"Amesema kimoja, Mum."

"Nimesikia. Toa zote. Kesho utanipaka tena."

"Kwa nini nizitoe kama zitapakwa tena? Zitaonekana nyeusi mpaka kesho. Si ulikuwa unaficha mikono kwa akina mama?"

"Kuficha?" Alinishangaa kweli. "Nilikuwa nasikia baridi. Hii damu yangu imepoa, hujui? Makucha hayajanisumbua hata siku moja." Akapunguza sauti kwa sababu nesi alikuwa karibu. "Tangu niwe mgonjwa unanipitia kama watu wa stima wanaosoma mita. Hiyo siku ya rangi ndiyo ulikaa na mimi mpaka mwisho."

Nikafuta. Nilifuta kidole kimoja kimoja, kwa sababu macho yangu yalijaa na sikutaka aone. Nesi akaja na dripu, akatafuta mshipa, akaupata, akaenda zake. Huo ndio wakati ambao siku zote nilichukua mkoba na kusema naingia mjini mara moja.

Nilivuta kiti. Mguu wangu ukaanza kucheza, naye akatoa wake nje ya blanketi, akaukanyaga.