Tundu Dogo Kidoleni

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya hospitali moja hapa Mtwara nilipomwona fundi rangi mmoja, mtu mzima, akitupita sote. Ovaroli yake ilijaa rangi ya kijivu, na alikuwa ameinua kidole chenye tundu dogo lisilotoa hata damu.

"Baba, hiyo si dharura," nesi alimwambia. "Panga foleni."

"Sipangi, mwanangu. Nilikuwa napaka rangi ghala bandarini kwa mashine ya kupulizia isiyotumia upepo. Pampu inaisukuma rangi yenyewe kwa nguvu nyingi mno, inapenya kwenye tundu jembamba la nozeli na kutoka kama ukungu. Nozeli iliziba, nikaigusa bila kuzima pampu, rangi ikafyatuka ikanitoboa. Kosa langu. Sasa rangi imo ndani ya kidole, na inazidi kupanda."

Watu walicheka. Yeye hakupandisha sauti.

"Niitie daktari wa upasuaji. Akinikuta sina kitu, nitarudi mwisho wa foleni."

Nesi alikitazama kile kidole, akainuka, akaenda kumwita.

Wiki mbili baadaye nilikutana naye Magomeni, hapa hapa Mtwara, mkono una bendeji. Walimpasua mpaka kiganjani wakatoa rangi. Daktari alimwambia kwamba angelala nayo nyumbani, kidole kingekatwa.

"Na kazi umeacha?" nilimuuliza.

"Niache kwa nini? Umebaki ukuta mmoja. Nikipona namalizia, ila pampu naizima kwanza."

Nami miaka yote nimeamini kwamba anayelia zaidi ndiye anayeumwa zaidi.