Chuma Kilichoshikwa na Mfupa

Nilipowekewa nyonga ya chuma, daktari alinikataza kuchuchumaa na kupiga magoti. Mama mkwe wangu, Msukuma wa Mkolani, hakulikubali hilo hata siku moja. Kwao mkwe hasalimiwi na mtu aliyesimama. Kila niliposema shikamoo pale mlangoni, alitazama magoti yangu kwanza, kisha akaitikia marahaba kama anayemjibu mpita njia.

Mwaka huu nyonga ikaanza kuuma upya. Daktari alinionyesha picha: pale kichwa cha chuma kinapochomekwa kwenye shina lake, maji ya mwili yamepenya, vipande viwili vinasuguana na kulika. Unga wake umeingia kwenye damu. Nikasema basi kitolewe. Akasema shina limeshikwa na mfupa wangu mwenyewe. Kulitoa ni kuupasua mfupa, na huenda nisitembee vizuri tena. Nikikiacha, kitaendelea kunilisha unga.

Nilitoka hapo nikaenda kukaa ufukweni, nikiuchukia mwili wangu. Ulikuwa umekikumbatia kwa nguvu zote kitu kinachoutia sumu.

Jumapili mume wangu alimweleza mama yake yote hayo, taratibu. Wao walikuwa mkekani, mimi peke yangu kwenye kiti kirefu kama mgeni. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Uso ukamkunjuka, akanigeukia.

“Mungu mkubwa, mwanangu,” alisema. “Wakishakitoa, utapiga magoti.”