Nimejiuzulu Kamati Zote za Harusi, Sasa Mke Wangu Ndiye Hana Nafasi Jumamosi

Habari admin, na salamu kwenu nyote mnaosoma. Jina langu lifiche vizuri, maana nusu ya Arusha nimeshaichangisha. Mimi ni baba wa miaka hamsini na mbili, naishi Lemara na mke wangu, ambaye hapa nitamwita Mama Neema. Watoto wamekua, wa mwisho yuko bweni. Nyumbani tumebaki wawili na televisheni.

Mungu alininyima urefu, akaninyima nywele, akanipa sauti na utani. Mtu wa namna hiyo huku kwetu hafi bila kuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi. Ukiongoza kikao kimoja watu wakacheka, umekwisha. Mtoto wa jirani akichumbiwa, ni wewe. Binti wa mzee wa kanisa, ni wewe. Wiki nzima niko kazini kwenye stoo ya vifaa vya ujenzi, Jumamosi kikaoni, na Jumapili tukitoka ibadani kuna "kikao kidogo tu, mwenyekiti," kinachoisha giza likiingia. Nahakikisha wageni mia tatu wamekula, mke wangu nyumbani simuulizi hata kama amekunywa chai.

Yeye alikuwa ananiomba kitu kimoja. Tuna kashamba ka urithi Nkoaranga, kahawa na migomba. "Twende tu Jumamosi tukatembee, Baba Neema, hata jembe usishike." Namjibu, "Hii harusi ikiisha, mke wangu." Harusi ikaisha, ikaja nyingine.

Pasaka iliyopita nilikaa nyumbani siku nzima, nikataka kujipikia chai, nikagundua sijui vikombe vinakaa wapi kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe. Iliniingia. Nikaziaga kamati zote. Wakacheka, wakadhani natania.

Jumamosi iliyofuata nikaamka mapema, nikavaa raba mpya na kofia pana, nikajitokeza sebuleni kama bwana harusi. "Mama Neema, leo mimi ni wako mzima mzima."

Alikuwa anafunga chupa ya chai kwenye kikapu. "Leo? Leo naenda shamba na wifi."

Wifi huyo ni dada yangu wa damu, anakaa Sombetini. Kumbe wawili hao hupanda kwenda Nkoaranga kila Jumamosi. Kwamba anakwenda nilikuwa najua, ila nilidhani anakwenda kwa kukosa cha kufanya.

Nikajibandika. Kile kinjia cha mlimani kilinitoa pumzi zote. Dada akageuka: "Kaka, kaa kwanza upumue. Sisi tumekuja kupogolea kahawa, hatukuja kubeba mtu." Kufika, sikulitambua shamba. Kahawa safi, migomba ya mishare imewekewa miti isianguke, matuta ya mchicha yamenyooka. Wanapiga kazi huku wanacheka kwa Kimeru, nikisogea wananyamaza. Nauliza, "Mnacheka nini?" Wananijibu, "Hamna kitu."

Sijui ilikuwaje, nikajikuta nimesimama juu ya jiwe. "Mama Neema, wewe utashughulikia maji. Dada, magugu. Halafu tukutane hapa tufanye tathmini."

Mke wangu akaweka panga chini. "Baba Neema, hapa hakuna kamati."

Dada alicheka mpaka akakaa kwenye mchicha. Na mimi nilicheka, mwanzoni.

Tulipopumzika kula loshoro, ule mseto wetu wa mahindi na maziwa mgando, nikamwambia taratibu kwamba Jumamosi ijayo tuje mimi na yeye tu. Hakunikaripia. Alisema, "Nilikuomba mpaka nikachoka. Nikaanza kuja bila wewe kwa hasira. Hasira ikaisha, nikakuta naipenda siku yangu hii. Sasa niivunje kwa sababu wewe ndiyo umepata nafasi?" Mimi ninayeshukuru wageni waalikwa bila karatasi, nikaishia kuomba niongezewe loshoro.

Tangu hapo nimejaribu kila kitu. Nimetengeneza bomba la jikoni, sasa linavuja sehemu mbili. Nimefyeka majani ya uani, nikafyeka na maua yake. Nakaa kibarazani, vijana wakipita wananiamkia, "Shikamoo mzee, umestaafu?" Watu wanatuhubiria tutenge wikiendi kwa ajili ya familia. Nimeitenga jamani! Familia yenyewe iko Nkoaranga.

Sasa juzi kaka yangu mkubwa kapiga simu. Binti yake anaolewa. "Mdogo wangu, kwa watu baki umesimama, kwangu utakaa?" Hilo si jambo la kukataa kirahisi, mnajua. Nikamweleza Mama Neema, nikiomba moyoni apinge, anune, hata asuse kunipakulia chakula. Akaendelea kumenya ndizi. "Kubali tu. Kazi hiyo unaiweza."

Angenuna ningejua bado ananidai. Huo upole wake ndio unaninyima usingizi.

Kaka anataka jibu wiki hii. Nikikubali, najijua, sitatoka tena. Nikikataa, nitakaa kibarazani Jumamosi ngapi nikimsubiri mwanamke asiyenisubiri? Hasa ninyi akina mama mliowahi kufika alipofika yeye, msinionee haya: je, mtu aliyechelewa hivi bado hupokelewa, au nimwache na siku yake? Nishaurini ndugu zangu, nishike lipi?