Uzi wa Machi kwenye Skrubu ya Tatu

Kwa miaka thelathini na mmoja Zlatomira Kehayova alikuwa akikamata atomi kwa mwanga. Maprofesa wa Sofia, jiji kuu la Bulgaria, waliiandikia kazi hiyo vitabu. Yeye aliifanya akiwa amevaa viatu vya sufu alivyojifumia mwenyewe.

Ukimuuliza anafanyaje, atakwambia ni kama kuchunga mbuzi. Kuna chupa ya kioo iliyonyonywa hewa yote. Miale sita ya leza, isiyoonekana kwa macho, inakutana katikati yake, na atomi zilizokuwa zikikimbia ovyo kama wezi wa kuku husukumwa huku na huku mpaka zichoke, zipoe, zitulie. Hapo kwenye skrini hutokea wingu dogo jeupe, kama punje ya mtama, lenye baridi ambayo mlima Vitosha hauijui hata Januari. Kioo kimoja tu kikipinda kiasi cha unywele, mbuzi wote hao, wametawanyika.

Shahada hana. Alitoka kiwanda cha darubini kilichofungwa, akaja kung'arisha vioo. Ule msimu wa baridi ambao fedha iligeuka karatasi na mabomba ya joto yakazimwa, aliifunika leza kwa blanketi la bibi yake, yeye mwenyewe akatetemeka. Maprofesa wawili walikimbilia Ujerumani. Zlata, ndivyo walivyomwita, akabaki. "Nendeni tu," aliwaambia, "leza haina pasipoti."

Kila tarehe mosi Machi hufunga uzi mwekundu na mweupe mkononi, kama watu wote, na wa pili huuzungushia skrubu ya kioo cha tatu, ile ambayo vidole vya wasomi haviwezi kuacha kuigusa. Uzi haufunguliwi mpaka mtu amwone korongo wa kwanza akirudi baada ya baridi. Wengine hutosheka na mti uliochanua, lakini kwa kina Kehayova mti ni mwongo, unadanganywa na jua la siku mbili.

Mwaka huu Machi ilikuwa inakwisha, korongo hajaonekana, na tume ya Wizara ilikuwa inakuja saa nne asubuhi kuamua kama maabara ibaki au ifungwe. Mkurugenzi Asparuh Tenchev, aliyepata cheo chake kwa kukaa mikutanoni bila kusinzia, aliingia akiwa amevaa tai mpya.

"Shangazi Zlata, toa hicho kiuzi. Watadhani tunaroga."

"Umemwona korongo?"

"Korongo gani tena? Hapa ni maabara!"

"Basi mkono wako ukae mfukoni."

Tenchev alitabasamu tabasamu la mtu ambaye tayari ameshinda. Siku tatu kabla alikuwa amempa barua: Ijumaa unastaafu, vioo vitazungushwa na mota. Zlata aliisoma barua ile mara moja, akaitandika mezani, akaiwekea juu banitsa yake, andazi la jibini na siagi. Sasa mhuri wa taasisi ulikuwa unang'aa kwa siagi.

Zlata alipotoka kwenda kuipasha moto banitsa, Tenchev akaushika uzi akauvuta. Fundo la kina Kehayova halivutiki bure. Uzi ulikatika, lakini kwanza uliizungusha skrubu.

Skrini ikawa nyeusi.

Zlata aliporudi, Daktari Yanitsa, msomi pekee pale aliyewahi kumwambia asante, alikuwa anabonyeza kompyuta huku jasho linamtoka. Tenchev alikuwa ameficha ngumi nyuma ya mgongo.

"Shangazi, fanya kitu. Wapo kwenye ngazi!" alisema Tenchev.

"Nani kagusa?"

"Si wakati wa..."

"Nani kagusa?" Akaketi. Akamega banitsa. "Mimi nina mpaka Ijumaa."

Tume ikaingia, mbele yao Bi Nevyana Sotirova, mwanamke mwembamba aliyetundika miwani shingoni kwa mnyororo. Akaitazama skrini nyeusi. "Wingu liko wapi?"

"Mtetemo, Bi mwenyekiti," alisema Tenchev. "Tramu."

"Tramu!" Zlata alicheka hadi makombo yakamruka. "Reli zilishang'olewa, Mkurugenzi. Labda ni mzuka wa tramu. Ebu fungua hiyo ngumi tumwone."

Bi Sotirova aliivaa miwani yake taratibu, akaangalia ngumi. Tenchev akaifungua kama mwanafunzi aliyekamatwa na peremende. Uzi mwekundu na mweupe ulikuwa umelowa jasho.

"Umekata kabla ya korongo?" aliuliza Bi Sotirova, na sauti yake haikuwa ya Wizara, ilikuwa ya nyanya wa kijijini.

"Nimekata," alisema Tenchev. "Ni mimi niliyeharibu."

Zlata akajipangusa siagi, akainuka. Akashika skrubu kwa vidole viwili, wala hakuitazama skrini. Alisikiliza vidole vyake. Robo kulia. Kidogo kushoto. Pumzi moja.

"Limerudi!" alipiga kelele Yanitsa. Punje nyeupe ilikuwa imetulia katikati.

"Wewe nani hapa?" aliuliza Bi Sotirova.

"Fundi. Mpaka Ijumaa, kasema huyu bwana. Barua hii hapa, samahani kwa jibini."

Bi Sotirova aliisoma yote, na jibini lake. Kisha akamrudishia Tenchev. "Maabara inabaki kama huyu anabaki. Mota zako kazifunge kwenye geti la nyumbani kwako."

"Na uzi," alisema Zlata.

"Uzi umefanyaje?"

"Aliyekata afunge."

Mbele ya tume nzima, Tenchev aliinama na tai yake mpya akaunga uzi, akaufunga. Fundo la kwanza likalegea. "Mafundo mawili, mwanangu," Zlata alimwambia, "hukusoma chekechea?"

Wiki iliyofuata korongo alitua juu ya bomba la moshi la taasisi. Zlata alimwona vizuri sana kupitia dirisha, akamtazama mpaka akaruka. Hakumwambia mtu. Ni Agosti sasa, na kila asubuhi Mkurugenzi hupita mbele ya skrubu ya tatu, mikono mfukoni, akiuliza kama kuna habari za ndege.

"Bado," husema Zlata.