Dimbwi la Nicanor

Nicanor Bentancur nilikutana naye kwa sababu ya kondoo. Wakati huo nilikuwa na duka la sufu na kofia kwenye barabara kuu ya Montevideo, nikasikia kwamba uwanja wa mpira ulioko mwisho wa njia ya tramu una kundi zima la kondoo wanaolishwa humo ili nyasi zisirefuke. Kondoo anayekula bure ana sufu ya bei rahisi, nikajiambia, nikapanda tramu.

Nilimkuta mtunza uwanja huyo amekaa kwenye ngazi za jukwaa, ananyonya chai chungu ya majani ya yerba kwa mrija, kofia imemshukia machoni. Alikuwa mtu mfupi wa miaka hamsini hivi, miguu imepinda kwa kupanda farasi tangu utotoni. Nikamwambia nataka sufu yake yote kila msimu wa kukata.

"Hawa si kondoo wa kawaida, don Baldomero," akasema. "Hawa wanakula nyasi za timu ya taifa."

"Sufu haijui nyasi zilikanyagwa na nani."

"Basi kanunue ya kondoo wasio na jina."

Tulibishana mpaka birika likakauka. Tukakubaliana nimletee yerba, unga na tumbaku za mwaka mzima, pamoja na jozi ya viatu vya mkewe. Tumeshapeana mikono, mke huyo, Eufemia, ambaye muda wote alikuwa kando yetu anashona wavu wa goli, akasema bila kuinua kichwa, "Na mafuta ya taa." Nikaongeza mafuta ya taa. Hapo nikajua katika nyumba ile mtu wa kujadiliana naye ni nani.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili chini ya jukwaa. Watu wakishangilia juu, vumbi linaanguka kwenye sufuria, kwa hiyo siku ya mechi Eufemia alifunika chakula mara mbili. Walihamia humo mwaka jukwaa lilipojengwa. Kodi hawakulipa, na karatasi ya kuonyesha kwamba wana haki ya kukaa hawakuwa nayo.

Sasa niseme habari ya Kombe la Mto. Lilitolewa na tajiri mmoja wa meli ligombewe kila mwaka kati yetu Wauruguay na Waargentina wa ng'ambo ya mto, mwaka huu kwetu, mwaka ujao Buenos Aires. Tajiri huyo alipenda adabu, akaweka sharti kwamba timu zikitoka sare kombe wachukue wageni, maana si vizuri mwenyeji kumrudisha mgeni mikono mitupu. Hakuna aliyepinga. Sisi ndivyo tulivyo: mchana tunamtukania mgeni mama yake, jioni tunamjazia sahani.

Mwaka ninaousimulia kombe lilikuwa kwetu, tumelitwaa kwao, na lilikaa kwenye dirisha la duka langu. Viongozi wa chama cha mpira niliwavisha kofia mpya wote, wakaona hakuna mahali salama zaidi. Watu walikuja kutazama kombe la fedha linalong'aa, wakaondoka na kofia. Kwa hiyo mimi nami nilikuwa na sababu zangu za kutaka kombe lisivuke mto.

Sababu ya Nicanor ilikuwa kubwa zaidi. Mwenyekiti wa klabu yenye uwanja, don Servando Goyeneche, alitaka kuleta mtunza uwanja aliyesomea Uingereza, na mtu huyo angehitaji vyumba vile. Wanachama wakagawanyika, wengine wakimtetea Nicanor. Siku moja don Servando akamwita Nicanor mbele yangu na wanachama wachache.

"Kombe likibaki, vyumba ni vyako mpaka ufe, nitakuandikia. Likienda, msimu wa sufu ukiisha unahama."

"Kwani mimi ndiye ninayefunga magoli?"

"Kila mtu anahitaji sababu ya kuiombea timu, Nicanor. Wewe nimekupa ya kwako."

Eufemia alisimama mlangoni na ndoo. "Mwambie aandike sasa hivi," akamnong'oneza mumewe. Nicanor akaona aibu kusema. Hakikuandikwa kitu.

Wiki ya mechi nilipeleka unga nikamkuta amefungua mipira ya maji, uwanja mzima unamwagiliwa asubuhi mpaka jioni. Mpango wake ulikuwa rahisi. Waargentina walikuwa na mawinga wepesi, wa kupasiana chini kwa chini. Wetu walikuwa watu wa bandarini na machinjioni, vifua vipana, mabingwa wa kupiga kichwa.

"Wale ni sungura," akasema. "Sungura muweke kwenye matope uone."

"Na wetu je?"

"Wetu wamezaliwa matopeni, don Baldomero."

Don Servando alikuja mwenyewe, akadidimiza fimbo yake kwenye nyasi, ikazama. Akatabasamu, akaondoka. Hakuna aliyefikiria sare. Mechi zote za kombe lile zilikuwa za magoli mengi, na sharti la adabu lilikuwa halijawahi kutumika. Jumapili ya mechi, asubuhi, upepo wa kusini-mashariki ukaleta mvua, nayo ikaendeleza kazi ya Nicanor.

Mashabiki wa Argentina waliofika kwa meli waliingia wakiwa wamekunja suruali.

"Tumeitwa kwenye mpira au kuogelea?" mmoja akapaza sauti. "Leteni bata wacheze!"

"Mmevuka mto mzima," akajibiwa kutoka jukwaani, "dimbwi ndilo linawatisha?"

Mpira haukubingirika. Mawinga wao walikwama kama Nicanor alivyosema. Jambo ambalo hakulisema ni kwamba wetu nao walikwama. Ukipigwa juu, mpira ulishuka na kuganda hapo hapo, mzito kama gunia la sufu mbichi. Kipindi cha kwanza kikaisha bila goli. Cha pili kikaenda vivyo hivyo mpaka mwishoni, pale mshambuliaji wetu wa kati, Casiano, mchinjaji kwa kazi, alipomzunguka golikipa wao aliyeteleza na kukaa chini. Mbele yake hapakuwa na mtu. Akausukuma mpira kwa utaratibu, kama anayemfungulia mgeni mlango.

Watu wakasimama, kofia zikaruka juu. Mpira ukaenda, ukapunguza mwendo, ukaingia kwenye dimbwi lililo mbele ya mstari, ukasimama humo unaelea. Casiano akauvamia, akaanguka. Beki wao akafika, akaupiga na maji yake yote mpaka nje ya uzio. Refa hakuchelewa kumaliza mechi. Suluhu.

Mtu mmoja jukwaani akauliza kwa sauti, "Nicanor! Tukuletee na ndoo nyingine?"

Kombe nililitoa dirishani mwenyewe nikalipeleka kwenye chakula cha jioni ambacho klabu iliwaandalia wageni. Don Servando alilikabidhi kwa wageni huku anatabasamu, akawachagulia mbavu nzuri kuliko zote, akanyanyua glasi kwa ajili ya udugu wa nchi mbili. Alipotoka kuvuta sigara akapita jikoni, Nicanor alikokuwa anachochea moto wa nyama, Eufemia anaosha sahani, nami nimesimama kando yao.

"Msimu wa sufu, Nicanor," akasema, akapita.

Nilikuwa bado pale alipoingia kiongozi mmoja wa Waargentina, don Aquiles Murature, mtu mnene mwenye viatu vilivyojaa matope.

"Nataka kumpa mkono mchezaji wenu bora wa leo."

"Kama umekuja kucheka, mlango ule pale," Nicanor akasema.

"Nimekuja kuajiri. Tunajenga uwanja Avellaneda, kando ya Buenos Aires. Anayeweza kuuzamisha uwanja namna hii anajua pia maji yake yanatolewa vipi. Kuna nyumba ya matofali."

"Heri nilale chini ya tramu."

Eufemia alifuta mikono kwenye aproni. "Vyumba vingapi?"

"Viwili, mama."

"Vitatu. Na bomba la maji ndani."

"Eufemia!"

"Wewe nyamaza. Leo umewafanyia kazi Waargentina bure. Sasa utawafanyia kwa mshahara." Akamgeukia mgeni. "Na uandike hapa hapa, wino ukauke nikiona."

Aliandika. Nicanor aliugeukia moto, akaendelea kuuchochea.

Kondoo wasingeweza kuvuka nao. Kesho yake nilikwenda nikijua nawakuta wamebanwa, nikataja bei ya mtu aliyebanwa. Nicanor angekubali, niliona usoni. Eufemia akasema hawana haraka. Bei isipofaa watachinja kundi lote na kuwalisha mashabiki pale getini, labda hasira itapungua. Nilicheka peke yangu. Nilipoondoka nilikuwa nimekubali kugharamia nauli zao mbili za meli, sanduku la nguo, na magodoro mapya. Kisha don Servando akanikataza kulisha kondoo uwanjani. Nikawauza kwa mchinjaji, nikarudisha gharama, faida sikuiona.

Mtaalamu aliyesomea Uingereza alifika, akatazama vyumba vya chini ya jukwaa, akasema vina unyevu. Klabu ikampangia nyumba mjini, na vyumba vikakaa vitupu. Dirishani kwangu niliweka mbuni aliyejazwa majani. Hakuna aliyesimama kumtazama, kofia zikarudi kuuzika kwa mwendo wa zamani.

Miaka michache baadaye nilikwenda Buenos Aires kwa biashara ya ngozi, nikafika Avellaneda siku ya mechi ya kombe. Nyumba ni ya matofali kweli, vyumba vitatu, bomba linatoa maji safi. Uwanja ulikuwa mkavu, umesawazishwa vizuri, na Waargentina wenyewe waliniambia hawajapata mtunza uwanja kama yule. Nicanor hakutoka nje. Eufemia aliniambia siku ya mechi hii mumewe hufunga madirisha na kukaa chumba cha nyuma mpaka watu waishe.

"Halafu anakuuliza matokeo?"

"Haulizi. Uruguay ikishinda namwambia. Ikifungwa nampakulia chakula."

Jioni ile nilikula nao. Eufemia alipakua kitoweo mapema, bila kusema kitu.