Kidole Changu kwenye Phonie ya Pweto

Siku moja kabla ya vita kuingia Pweto, nilikuwa sebuleni kwa yaya Donatien, nalehemu kipimo chake. Harufu ya samaki wakavu kutoka sokoni ilifika mpaka ndani. Mlangoni watu walijazana kuangalia kazi ya fundi kutoka Lubumbashi. Fundi huyo ni mimi. Shule niliacha mapema, cheti sina hata kimoja, lakini leo makampuni ya migodi yananiletea redio zao hapa Makomeno, Lubumbashi, na mainjinia wanakaa kwenye benchi yangu wakingoja kama wagonjwa. Siyo majivuno. Uliza yeyote.

Donatien ni mtoto wa baba mkubwa wangu; kwetu kaka mkubwa tunamwita yaya. Wakati ule simu ya mkononi ilikuwa haijafika Pweto, na yeye alikuwa na phonie, ile redio ya kuongea na miji ya mbali. Kila asubuhi kulikuwa na saa yake, tuliita vacation. Vituo vyote vilifungua pamoja, na neno la mmoja lilisikika na wote.

Kipimo chake kilikuwa kisanduku kinachokaa kati ya phonie na waya wa antena. Ukisema, mshale unapanda, unajua sauti imetoka. Siku zile mshale ulilala tu, na Donatien aliamini phonie imekufa. Fundi mwingine angeifungua phonie yote na kuimaliza kabisa. Mimi nilisikiliza kidogo, nikamwambia phonie ni nzima, kipimo ndicho kinadanganya. Diyodi yake, kitu kidogo kama punje ya mchele, ilikuwa imeungua. Nikachomoa nyingine kwenye redio ndogo ya zamani, nikailehemu mahali pake. Mshale ukapanda.

Ningeishia hapo. Lakini mlangoni kulikuwa na watu.

Nikafunga madirisha, nikachukua taa ndefu ya neon, bila waya wowote, nikaishika karibu na waya wa antena. Nikabonyeza kitufe cha maikrofoni na kusema. Taa ikawaka mkononi mwangu.

"Yesu! Njo uchawi huu!" mama mmoja akapiga kelele.

"Hapana, mama. Siyo uchawi, njo fundi huyu."

Walicheka, wakapiga makofi. Papo hapo kipaza sauti cha phonie kikaita. Alikuwa Espérance, mke wa Donatien, aliyepeleka samaki Lubumbashi, anasema kwenye phonie ya huko.

"Pweto! Nani anasema kwa nguvu vile? Njo shemeji? Nilijua tu. Ule anapiga kelele kupita redio yenyewe."

"Kila muntu na kazi yake, shemeji," nikajibu.

"Kazi yako njo kujisifu. Donatien, usikie. Kesho asubuhi nitakuwa tena hapa. Ukisema njia iko muzuri, minapanda lori."

"Na kama haunisikie?" Donatien akauliza.

"Ee, batri yako inakufa kila siku! Nikingojea batri yako, nitazeekea huku. Hata usipojibu, nitapanda paka vile."

Vituo vingine vikaingilia kwa kicheko. Kwetu, phonie ikinyamaza maana yake ni batri. Hakuna aliyekuwa amejifunza kwamba kimya chake kinaweza kuwa na maana nyingine.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na milio upande wa barabara. Mara ya kwanza nilidhani ni mabati yanashushwa kwenye gari. Halafu jirani akapita mbio na mtoto mgongoni, kiatu mguu mmoja.

Kabla sijavaa shati, walikuwa mlangoni. Vijana wawili wenye bunduki.

"Njo weye fundi wa Lubumbashi?"

Sikukana. Soko lote lilikuwa limenisikia.

Walinipeleka kwa Donatien. Alikuwa ameketi chini, mikono kichwani. Mbele ya phonie alisimama mtu mrefu ambaye wenzake walimwita kapiteni. Alisema taratibu, bila hasira.

"Huyu anasema mashine imekufa. Mshale haupandi. Weye utaangalia. Ikipona, tunaibeba. Na yeye tunambeba, ataitumikisha."

Tulishasikia habari za watu waliobebwa hivyo. Hakuna aliyerudi.

Nilikaa. Phonie ilikuwa inapokea vizuri, kipaza sauti kilikuwa kinavuma. Nikafungua kipimo.

Diyodi yangu haikuwapo.

Haikuwa imeungua. Miguu yake ilikuwa imekatwa kwa koleo, shaba inang'aa bado, na tone langu la lehemu la jana limebaki safi pande zote mbili. Donatien alikuwa ameitoa mwenyewe aliposikia milio ya kwanza. Nilimtupia jicho. Alikuwa anaangalia sakafu.

Mimi sijawahi kusema mbele ya watu kwamba kitu kimenishinda. Siku ile nilisema.

"Kapiteni, hii imekufa. Imenishinda."

Kijana mmoja akacheka. Nilimtambua. Jana alikuwa mlangoni na kikapu, kama mnunuzi wa samaki.

"Anadanganya. Jana iliwasha taa bila waya. Niliona na macho yangu."

Kapiteni akaagiza ile neon. Wakafunga madirisha, kama nilivyofunga mimi. Kijana akaishika taa karibu na waya wa antena. Kapiteni akanipa maikrofoni.

"Sema."

Nikaiweka mdomoni, kiganja kikifunika kitufe. Kidole gumba kikalala juu yake.

Sikubonyeza.

"Lubumbashi, Lubumbashi, hapa Pweto," nikasema, kwa sauti ile ile ya jana. Taa ikabaki giza. Wote walikuwa wanaangalia taa. Donatien peke yake aliinua macho, akaangalia kidole changu.

Ndipo kipaza sauti kikaita.

"Pweto, Pweto. Donatien, uko?"

Ilikuwa saa ya vacation.

"Mujibu," kapiteni akasema.

"Nakusikia," nikasema kwenye maikrofoni isiyosikia. "Lubumbashi, nakusikia."

"Donatien? Shemeji?"

Kitufe kilikuwa chini ya kidole. Uzito wa kidole ungetosha. Neno moja, "baki", na lingefika. Taa nayo ingewaka, na Donatien alikuwa ameketi pale, bunduki sikioni.

"Nakusikia," nikasema tena.

Alicheka, kule.

"Batri yake tena! Bon. Minapanda. Bantu ya Pweto, mukinisikia, mumwambie asonge ugali."

Halafu kukabaki mvumo.

Kapiteni alichukua maikrofoni mkononi mwangu, akaigeuza mara moja, akaiacha ianguke. Yule mwanamke alikuwa amemthibitishia kwamba phonie imekufa, kuliko mshale, kuliko taa. Walipiga phonie risasi, wakapiga na kipimo, wakatoka kutafuta mafuta ya magari.

Donatien alisimama, akachukua sufuria, akaiangalia, akairudisha.

Tulitoka Pweto kwa miguu, tukifuata barabara ile ile ambayo lori lingepita, tukitumaini kukutana nalo na kulirudisha. Tulilikuta siku ya tatu, kabla ya Kilwa. Lilikuwa bado linatoa moshi. Magunia ya unga yalikuwa yamepasuka, na barabara ilikuwa nyeupe.

Matanga ya Espérance tuliyaweka hapa Makomeno, kwa dada yake. Watu walikuja, wakaniambia nimemwokoa Donatien. Ni kweli. Yuko hai, analima kiwanja kule Annexe, pembeni ya mji, mahindi na maboga. Mashine yoyote ya redio ikiletwa hapa, mimi ndiye naipima. Nikishika maikrofoni, nakohoa kwanza, wateja wanadhani ni vumbi.

Siku ya mwisho ya matanga, Donatien alikuja kukaa karibu nami.

"Kidole," akasema. "Hakikuteleza hata kidogo?"

"Hapana, yaya."

"Hata alipocheka?"

"Hata pale."

Alitikisa kichwa polepole, akiangalia mikono yangu.

"Weye njo fundi," akasema.

Wengi wameniambia hivyo, kabla yake na baada yake. Wakubwa wenye magari wameniambia. Mimi huwa najibu: najua. Yeye sikumjibu.